Maisha ya Christopher Strachey, Mwalimu wa Shule Aliyefundisha Kompyuta Kungoja

Wasomaji wetu, katika magazeti ya shule mmekwisha soma mara nyingi habari za wafalme, majemadari na wavumbuzi wakubwa. Leo nawaletea habari za mtu aliyekuwa mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule ya wavulana, na ambaye alikuwa na miaka 35 alipoacha chaki na ubao na kuifuata kazi iliyompa jina. Mtu huyo ni Christopher Strachey, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufa mwaka 1975. Nimemchagua yeye kwa sababu mwaka huu sisi wa vidato vya juu tunajifunza kugeuza fanksheni zinazosimama na kungoja, ziwe fanksheni zisizoshika njia. Wengi hudhani jambo hili ni la maneno mawili tu ya lugha ya JavaScript, yaani async na await, na kwamba ukiyabandika mahali fulani programu itaenda. Lakini jambo hili lina asili yake, na mmoja wa watu walioliweka wazi ni huyu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Fanksheni ni kipande cha programu chenye jina lake na kazi yake moja. Unaiita, unaipa vitu vya kufanyia kazi, nayo inakurudishia jibu. Fanksheni ya kawaida humsimamisha aliyeiita hata jibu lipatikane. Ikiwa kazi yenyewe ni kujumlisha namba mbili, hakuna hasara yo yote. Lakini chukua mfano wa duka hapa Kiyovu linalopokea malipo kwa Mobile Money. Programu ya duka hupeleka ombi kwa kampuni ya simu. Ombi hutokea katika simu ya mnunuzi. Mnunuzi hutafuta miwani yake, husoma, kisha hubonyeza namba yake ya siri. Zaweza kupita sekunde 5, na yaweza kupita dakika nzima. Ikiwa programu imesimama kabisa muda huo wote, basi wanunuzi wengine walio katika mstari nao wamesimama, na kompyuta iwezayo kufanya mamilioni ya hesabu kwa sekunde moja imekaa bure. Kuigeuza fanksheni hiyo ni kuipanga upya, ili ipeleke ombi, iache maagizo ya jambo la kufanya jibu litakapokuja, kisha iwaachie wengine njia. Nusu ya fikira hii Bwana Strachey aliieleza mwaka 1959, na nusu ya pili mwaka 1974. Sasa tutazame jinsi alivyofika huko.

Christopher alizaliwa tarehe 16 Novemba, 1916, huko Hampstead katika mji wa London. Ukoo wake ulijulikana sana. Baba yake, Oliver Strachey, alikuwa bingwa wa kufumbua maandishi ya siri, naye aliitumikia serikali yake kwa kazi hiyo katika vita vikuu vyote viwili. Mama yake, Ray Strachey, alikuwa mmoja wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura, na mwaka 1928 alitoa kitabu cha historia ya madai hayo. Baba yake mdogo, Lytton Strachey, alikuwa mwandishi mashuhuri wa maisha ya watu. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo alitazamiwa kuwa mtu mkubwa upesi.

Haikuwa hivyo. Alisoma katika shule ya Gresham's huko Holt, na mwaka 1935 akaingia King's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alianza na hesabu, kisha akahamia sayansi. Walimu wake walijua kuwa ana akili, lakini hakuwa mtu wa kujifungia na vitabu vya mtihani. Katika mwaka wake wa tatu aliugua kwa kusumbuka moyo, ikambidi kupumzika. Alipomaliza alipata daraja la pili, tena la chini. Kwa daraja hilo alikosa nafasi ya kubaki chuoni kufanya utafiti, jambo ambalo alikuwa amelitumaini.

Basi mwaka 1939 aliajiriwa na kampuni ya Standard Telephones and Cables, akafanya utafiti wa valvu za umeme muda wote wa vita. Kazi hiyo ilikuwa na hesabu ndefu zisizokwisha, na ili kuzifanya alitumia mashine ya magurudumu na vyuma iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu za namna hiyo. Hapo ndipo hamu yake ya mashine za kuhesabia ilipoanza. Lakini vita vilipokwisha mwaka 1945 hakwenda kutafuta mashine. Alikwenda kufundisha. Kwanza alikuwa katika shule ya St Edmund's mjini Canterbury, na mwaka 1949 akahamia Harrow, shule kubwa yenye sifa ya zamani. Alifundisha miaka saba kwa jumla, na mtu angeweza kudhani kwamba maisha yake yataishia hapo.

Mwezi wa Januari, 1951, rafiki yake alimjulisha kwa mmoja wa mafundi wa Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington. Pale palikuwa na kompyuta iliyoitwa Pilot ACE, moja ya kompyuta chache sana zilizokuwako duniani wakati ule. Strachey aliitazama, akarudi shuleni, na katika nafasi alizopata nje ya vipindi akaanza kuandika kwa kalamu programu ya kucheza dama. Fikirini ugumu wake. Hakuwa na kompyuta mbele yake. Ilimpasa kuwaza jinsi mashine itakavyotazama hatua chache mbele, kama afanyavyo mchezaji hodari wa igisoro anapozihesabu kete kabla ya kuzigusa, kisha kuyaandika mawazo hayo yote kwa maagizo madogo madogo. Mwezi wa Julai mwaka ule programu ilijaribiwa, lakini kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa ndogo mno, haikuitosha.

Strachey hakukata tamaa. Alisikia kuwa Chuo Kikuu cha Manchester kina mashine mpya ya Ferranti yenye kumbukumbu kubwa zaidi, na kwamba mtu aliyeandika kitabu cha maelezo yake ni Alan Turing, ambaye alimfahamu tangu siku za King's College. Alimwomba kitabu hicho, akakisoma nyumbani hata akakielewa. Alipofika Manchester alichukua programu iliyozidi maagizo 1,000, ndefu kupita yo yote iliyokuwa imeonekana pale. Mwalimu wa shule, mgeni kabisa katika chumba kile, alikaa na mashine usiku kucha. Asubuhi programu ilikuwa ikienda, na ilipomaliza kazi mashine ilipiga wimbo wa taifa wa Uingereza kwa sauti yake ya mlio wa pembe. Mwaka ule wa 1951 shirika la BBC lilirekodi nyimbo zilizopigwa na mashine hiyo, na mwaka 2016 wataalamu wa New Zealand waliisafisha rekodi hiyo, hata leo twaweza kuisikia. Kufikia kiangazi cha 1952 programu ya dama iliweza kucheza mchezo mzima. Mwaka huohuo aliandika programu nyingine ya mzaha, iliyookota maneno kwa bahati nasibu na kutunga barua za mapenzi. Hii nadhani ndugu zetu wa kidato cha tatu wataipenda kuliko zote.

Sifa zake zilienea upesi. Mwezi wa Juni, 1952, Shirika la Taifa la Maendeleo ya Utafiti, ambalo mkuu wake alikuwa Lord Halsbury, lilimwita kazini, naye akaacha ualimu wa shule. Alikwenda Canada kuhesabu mwendo wa maji ya mto St. Lawrence kwa ajili ya njia mpya ya meli. Na aliporudi alisaidia kuipanga kompyuta ya Ferranti iliyoitwa Pegasus. Kwa kazi hizi alikaa karibu sana na mashine, na akaona jambo ambalo wengine walilizoea hata hawakuliona tena: kompyuta ya bei kubwa sana ilikuwa ikikaa bure sehemu kubwa ya siku.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Sehemu ya mashine iliyohesabu ilikuwa ya umeme na ya mbio, lakini vyombo vilivyoizunguka vilikuwa vya vyuma na vya polepole: msomaji wa kadi, tepu na mashine ya kupigia chapa. Programu ikisema ipigwe chapa mistari 20, sehemu ya kuhesabu ilisimama hata mstari wa mwisho utoke. Tena mwenye polepole kuliko vyote alikuwa mwanadamu mwenyewe. Mwandishi wa programu akikuta kosa alikaa mbele ya mashine akikuna kichwa, na mashine nayo ilikaa ikimngoja.

Mwezi wa Juni, 1959, katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, Strachey alisoma makala juu ya kugawana muda wa kompyuta kubwa. Alipendekeza kwamba programu nyingi zikae katika kumbukumbu pamoja, na juu yao iwepo programu moja ya kuwasimamia, aliyoiita Mkurugenzi. Programu moja ikifika mahali pa kungoja, Mkurugenzi aandike mahali ilipofika, aiweke kando, na kuipa nyingine nafasi. Chombo cha polepole kikimaliza kazi yake, kipige kengele kwa ishara ya umeme. Ndipo Mkurugenzi aikumbuke ile ya kwanza na kuirudisha mahali ileile ilipoachia. Na zaidi ya hayo, programu moja isiweze kuharibu kumbukumbu ya mwenziwe. Kwa njia hii fundi angeweza kukaa na kutafuta kosa lake taratibu, bila kuinyima mashine kazi ya watu wengine. Si yeye peke yake aliyewaza hivyo. Huko Marekani John McCarthy wa MIT alikuwa ameandika mawazo ya jamaa hiyo mwezi wa Januari mwaka uleule, na mwaka 1961 wenziwe wa MIT walionyesha mashine iliyotumiwa na watu kadhaa kwa mara moja.

Sisi wa Rwanda tunayo sababu ya kulielewa jambo hili vizuri. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea sana satelaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya dunia. Swali lilipanda huko juu na kushuka upande wa pili, na jibu likapanda na kushuka vilevile. Jumla ni safari ya kilomita 144,000, na ijapokuwa mawimbi huenda kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Kwa mtu nusu sekunde si kitu. Kwa kompyuta ifanyayo hatua bilioni moja kwa sekunde, ni hatua milioni 500 zilizopotea kwa kungoja swali moja tu. Leo nyaya zimepunguza muda huo sana, lakini haziwezi kuuondoa, kwa kuwa hata nuru huhitaji muda wa kusafiri, na mnunuzi wetu wa Kiyovu bado anatafuta miwani.

Mwaka huohuo wa 1959 Strachey aliacha kazi ya shirika, akawa mshauri wa kujitegemea. Alimwajiri kijana Peter Landin, ambaye baadaye naye alipata sifa kubwa. Kuanzia mwaka 1962 alikuwa Cambridge, akishirikiana na wenzake kutunga lugha ya programu iliyoitwa CPL. Lugha hiyo ilikuwa kubwa mno, haikukamilika kama ilivyokusudiwa, lakini ilizaa. Martin Richards aliipunguza akapata BCPL mwaka 1967. Kutoka hiyo Ken Thompson wa Marekani akapata lugha ya B, na Dennis Ritchie akapata C mwaka 1972. Na JavaScript tunayojifunza, iliyotungwa mwaka 1995, imechukua sura ya sentensi zake katika ukoo wa C. Kwa hiyo kila tuandikapo mabano yetu yale yaliyopinda tunatumia urithi uliopita katika mikono ya mtu huyu.

Mwaka 1965 alikwenda Oxford kuwa mkuu wa kwanza wa Kikundi cha Utafiti wa Programu. Watu waliofanya kazi naye walimjua kuwa mtu wa maneno mengi na akili kali, asiyevumilia kazi ya ovyo. Alishikilia kwamba nadharia na kazi ya mikono zisitengwe, kwa sababu kila moja huharibika ikiachwa peke yake. Alikuwa mgumu wa kuchapisha: makala ambayo haikumridhisha aliiweka mezani miaka mingi. Mafundisho yake maarufu aliyoyatoa mjini Copenhagen mwaka 1967 yalisomwa kwa nakala za mkono kwa mkono, wala hayakupigwa chapa katika jarida ila mwaka 2000, miaka 25 baada ya kufa kwake. Mwaka 1971 Oxford ilimfanya profesa, yeye aliyenyimwa utafiti kwa daraja lake.

Sasa tunafika katika nusu ya pili. Strachey alitaka kujua maana halisi ya programu, kama vile mtu wa hesabu ajuavyo maana ya mlinganyo. Tangu mwaka 1969 alifanya kazi hiyo pamoja na Dana Scott, mtaalamu wa mantiki kutoka Marekani. Lakini walikuta kikwazo. Programu za wakati ule zilikuwa na amri ya kuruka: acha hapa, nenda mstari fulani. Ukitaka kueleza maana ya kipande kimoja, na kipande hicho kinaruka, maana yake haiko tena ndani yake; iko huko kinakoruka. Mwezi wa Januari, 1974, Strachey na Christopher Wadsworth, aliyekuwa mwanafunzi wake, walitoa maandishi yenye jawabu. Walisema kila kipande cha programu kipewe kitu kimoja zaidi cha kufanyia kazi, nacho ni maana ya kazi yote iliyobaki baada yake. Kitu hicho katika Kiswahili twaweza kukiita mwendelezo.

Nitaeleza kwa mfano wa jikoni. Maagizo ya kupika ugali ni haya: chemsha maji, tia unga, songa, pakua. Ukiwa katika agizo la kwanza, mwendelezo wake ni yale matatu yaliyobaki. Mpishi wa kawaida huchemsha maji, husimama akiyatazama, kisha huendelea. Lakini mpishi aweza kuyaandika yale matatu katika karatasi, akampa mtoto aliyekaa karibu na sufuria, na kumwambia kwamba maji yakichemka ayafuate. Mpishi mwenyewe huyo, amekwenda kukata mboga. Strachey na Wadsworth walionyesha kwamba karatasi hiyo si hila ya jikoni tu, bali ni kitu halali cha hesabu, chaweza kushikwa, kupewa mtu, kuhifadhiwa, hata kutupwa. Kipande kikimaliza vizuri, hulipeleka jibu lake katika karatasi. Kikiruka, huitupa na kuokota nyingine. Lazima niseme kwamba wengine nao walifika karibu na mahali hapo kwa njia zao, kama Adriaan van Wijngaarden wa Uholanzi mwaka 1964. Lakini maandishi ya Oxford ndiyo yaliyolieneza wazo hilo kwa jina hilo.

Tazameni sasa jinsi nusu hizi mbili zinavyokutana. Mwaka 1959 alisema kwamba anayengoja asishike njia. Mwaka 1974 alionyesha namna ya kuyashika mkononi mambo yaliyobaki ili yaendelee baadaye. Kugeuza fanksheni yetu ya duka ni kazi ya hatua hizi mbili tu. Tafuta mahali inapongoja kitu cha nje. Kila kilicho chini ya mahali hapo ni mwendelezo. Ukunje, umkabidhi atakayeleta jibu, kisha uondoke. Zamani mwandishi wa programu alifanya hivyo kwa mikono, akawa na karatasi ndani ya karatasi hata hakujua aanze kusoma wapi. Baadaye lugha zenyewe zilichukua kazi ya kukunja: F# mwaka 2007, C# mwaka 2012, Python mwaka 2015, na JavaScript mwaka 2017. Neno await ndilo alama ya mahali pa kukunjia, na mashine huukunja mwendelezo kwa niaba yako.

Kwa kuwa baadhi yetu tunatunga programu za kupokea fedha, na baadhi yenu mliotutangulia mnafanya kazi hiyo mjini, itafaa kusema hatari zake. Fanksheni ikishageuzwa hairudishi tena jibu, bali hurudisha kitu ambacho JavaScript hukiita ahadi. Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Deni si fedha mkononi. Katika njia ya MTN ya kuunganisha programu na Mobile Money, ombi la malipo hujibiwa mara moja kwa namba 202, maana yake ombi limepokelewa. Habari ya kwamba fedha zimelipwa au hazikulipwa huja baadaye. Mwenye programu atakayeipokea namba hiyo na kutoa mkate, ametoa mkate bure. Vilevile, ukiwa na fanksheni ya kuuliza kama mtu amelipa, ukaigeuza, kisha ukasahau await kwa yule anayeiita, programu itauliza kama amelipa, itapewa ahadi, na JavaScript huihesabu ahadi yo yote kuwa ni kweli. Kila mtu ataonekana amelipa, hata asiye na faranga moja. Hakuna onyo litakalotokea katika kioo.

Kwa sababu hiyo fanksheni moja ikigeuzwa, lazima wote wanaoiita wageuzwe, na wanaowaita hao, hata juu kabisa. Tena, mambo yaweza kubadilika wakati wa kungoja. Ukisoma kwamba akiba ya mtu ni faranga 5,000, ukangoja jibu la mtandao, kisha ukatoa 4,000, labda ombi lingine limekwisha pita katikati na kutoa 4,000 zilezile. Basi sharti utazame tena baada ya kungoja. Na ukitaka matokeo ya wanafunzi 30, kila moja likichukua nusu sekunde, ukiyangoja moja moja utakaa sekunde 15. Ukiyaomba yote pamoja kisha ukangoja mara moja, na mtandao ukiyachukua kwa pamoja, utakaa karibu na nusu sekunde tu. Mwisho, msigeuze kila kitu. Fanksheni inayohesabu tu, isiyongoja mtu wa nje, haipati mbio yo yote kwa kugeuzwa, kwa maana hapo hakuna muda uliokaa bure wa kuokoa.

Strachey hakuyaona haya yote. Aliandika pamoja na Robert Milne insha kubwa juu ya maana ya programu kwa ajili ya tuzo ya Adams, na alikuwa bado na kazi nyingi mezani, maradhi ya ini yalipompata. Alifariki Oxford tarehe 18 Mei, 1975, akiwa na miaka 58. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Milne aliikamilisha kazi yao ikawa kitabu mwaka 1976, na nafasi yake Oxford ilishikwa na Tony Hoare. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, na Oxford ina cheo cha uprofesa chenye jina lake.

Alipokufa hapakuwa na intaneti ya watu wote, wala simu ya mfukoni, wala Mobile Money. Mwendelezo aliutafuta kwa sababu alitaka kulielewa jambo hata mwisho wake, si kwa sababu duka fulani lilimwomba. Lakini kila siku hapa Kiyovu, malipo yanaposubiri namba ya siri ya mtu mmoja na mashine ikaendelea kuwahudumia wengine, ni lile alilolisema Paris na lile aliloliandika Oxford linalofanya kazi. Wenzangu wa kidato cha sita, mnapokaa jioni hii kugeuza zile fanksheni za zoezi letu, msianze na kuandika async. Anzeni kwa kuweka kidole mahali fanksheni inapongoja, na kusema kwa sauti yote yaliyobaki baada ya hapo. Mkiweza kuyasema, mmekwisha igeuza.